Kamba ya Robbers Cave

Kaskazini mwa mji mdogo wa Wilburton, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, vimejipanga vilima vya Sans Bois: majabali ya mawe ya mchanga, misonobari, mialoni na maziwa madogo. Wenyeji husimulia kwamba pango lililo juu huko lilikuwa maficho ya majambazi, Jesse James akiwa mmoja wao, na ndipo pakaitwa Robbers Cave, Pango la Wanyang'anyi. Lililopatangaza kwa wasomi, hata hivyo, ni kisa cha watoto 22.

Katika likizo ya kiangazi ya mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Ödemiş, Uturuki, aliwapeleka huko wavulana wa umri wa miaka kama 11. Hawakuwa wakijuana, wala hawakuwa na ugomvi wowote. Waligawanywa makundi mawili, na kwa takriban wiki moja kila kundi liliogelea, likapika na kujenga udugu bila kujua kuwa kuna jingine karibu. Moja lilijiita Rattlers, kwa jina la nyoka mwenye njuga mkiani; la pili Eagles, yaani Tai. Watoto hawakuambiwa kwamba wanachunguzwa, na hapo sina budi kusema kwamba mtoto ni amana. Elimu haihalalishi kila kitu.

Kisha zikaja siku za mashindano: besiboli, kuvuta kamba, kusimamisha mahema, hata usafi wa vibanda. Washindi wangepewa kombe, medali na visu vya kukunja. Walioshindwa, mikono mitupu. Eagles walipolemewa katika kuvuta kamba, waliichoma moto bendera ya wenzao. Matusi yakafuata, na vibanda vikavamiwa. Eagles walipotwaa ushindi wa jumla, Rattlers waliwanyang'anya zawadi zao.

Sisi wa pwani huamini kwamba sinia moja hupatanisha. Kule walikusanywa wale pamoja, wakarushiana chakula.

Kambi na mashindano ya madrasa zetu wakati wa likizo yana kheri nyingi, nami siwezi kuwaombea watoto wasishindane. Ila mzazi anayeuliza zawadi ni zipi angeuliza pia: kesho yake, hawa waliopambana watafanya kazi gani pamoja?

Huko Oklahoma kazi hiyo ilipangwa na watafiti. Maji yalikatika, na makundi yote mawili yakapanda mlimani kutafuta hitilafu kwenye tangi. Siku nyingine lori la kwenda kuleta chakula lilikataa kuwaka. Kamba ya mashindano ilikuwa karibu. Mtoto mmoja akapendekeza walivute lori kwa kamba ile ile. Wakaifunga, wakalivuta kwa umoja, na lilipowaka wakashangilia wote.

Uadui haukuyeyuka kwa siku moja. Baada ya tangi la maji walitukanana tena wakati wa chakula. Lakini siku ya kuondoka waliomba wenyewe kusafiri kwa basi moja. Njiani waliposimama kupumzika, Rattlers walikuwa na dola 5 walizozishinda katika mchezo mmoja. Walizitumia kununua vinywaji vya maziwa, vikawatosha wavulana wote.