Tulimficha ndugu yetu siku sita



Kabla ya kuwa wajitolea hapa kambini tuliishi Bujumbura, vijana wanne chumba kimoja. Kila asubuhi tulienda Zone Industrielle kutafuta kibarua cha kushusha simenti na unga kwenye malori. Kule hakuna mkataba. Kapita anakutazama mikono na mgongo, anasema: wewe ingia, wewe rudi. Ukikosa siku tatu, nafasi imeshachukuliwa.

Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox. Aina hiyo mpya ilikuwa imegunduliwa Kamituga, kwetu Kivu ya Kusini, kwa hiyo mnajua kilichofuata. Kazini wakaanza kutuita "mpox" badala ya majina yetu.

Halafu mwenzetu akashikwa na homa. Tezi za shingo zikavimba, kisha vipele mikononi. Akatuomba: "Musiambie mutu. Bakijua, kazi imeisha, na sisi bote batatufukuza ku nyumba." Tukakubali. Tulidhani ndio undugu. Alilala siku sita nyuma ya pazia, tukimpa uji. Mtoto wa mama mwenye nyumba, wa miaka minne, alizoea kuingia kucheza naye juu ya blanketi. Hatukumkataza, ju kumkataza kungekuwa ni kusema.

Siku ya saba hakuweza hata kumeza mate. Tukampeleka hospitali usiku. Daktari hakutufokea. Aliuliza tu: nani mwingine amegusa blanketi hilo? Tukataja majina yetu. La mtoto tulilitaja mwisho.

Wiki iliyofuata mtoto naye alilazwa. Alipona, lakini makovu yako usoni. Mama yake hakutufukuza. Alituuliza kwa nini hatukumwambia, na hatukuwa na jibu.

Baadaye, tukijifunza kazi ya uhamasishaji, tulisoma habari za Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mcongomani mwenzetu. Mwaka 1976 alifika Yambuku, akatoa wagonjwa damu bila glavu, akanawa kwa sabuni na maji tu. Ebola ilikuwa haijapata jina. Mwaka 1995 kule Kikwit, wagonjwa 8 walipewa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Wataalamu wengi walibisha kwamba ni damu ndiyo iliyowaponya. Lakini miaka kumi na moja baadaye mmoja wa waliopona Kikwit alikubali kutolewa damu tena, na humo ndimo ilimotoka dawa ya Ebanga, iliyojaribiwa Kivu ya Kaskazini kuanzia 2018. Kumbe daktari mkubwa namna hiyo naye anamsubiri mtu anyooshe mkono. Sisi tulikuwa tumeuficha.

Sasa tukipita nyumba kwa nyumba tunauliza swali lile la blanketi. Wengine wanatudanganya, na tunawaelewa kabisa. Ninyi wa mashirika mnatupa mabango na sabuni, asanteni. Ila mtu wa kibarua anauliza: nikilazwa wiki tatu, nani atalisha nyumba? Hilo halimo kwenye bango.

Mwenzetu alirudi Zone Industrielle baada ya mwezi, na karatasi ya hospitali mfukoni kwamba amepona. Kapita hakuisoma. Alimtazama mikono, akasema: wewe rudi.