Nyakati Mbili

Katika rasimu ya kwanza ya kazi yangu ya kuhitimu, inayohusu msamiati wa mafundi wa pikipiki mjini Tenke, niliandika kidahizo "injini ya nyakati mbili". Nilikitoa moja kwa moja katika Kifaransa, moteur à deux temps, bila kusita. Neno temps tunalijua vizuri sisi watu wa sarufi: wakati uliopita, uliopo, ujao.

Likizo ilipofika nilimsomea baba mdogo. Yeye anatengeneza moto, kama tunavyoziita pikipiki kwetu, karibu na stesheni ya Tenke, pale reli ya kutoka Lubumbashi inapogawanyika kwenda Kamina na Kolwezi. Alicheka mpaka akaweka ufunguo chini.

"Nyakati gani, mwana? Saa ngapi na saa ngapi?"

Akakunja ngumi, akaizungushia kiganja cha mkono wa pili kama silinda. Ngumi ikapanda: "Moya." Ikashuka: "Mbili. Kila ikishuka, inapasuka. Katretan inapasuka mara moya, kisha inapumuzika. Detan haina mapumuziko."

Kumbe temps hiyo ni pigo, safari moja ya pistoni. "Mipigo miwili" ingetosha. Lakini kosa la neno lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba nilikuwa nimefafanua mashine ambayo sikuwahi kuisikiliza.

Jioni, ili kujitetea, nilimweleza niliyokuwa nimesoma kuhusu detan za mashindano ya dunia. Katika injini nyingi za aina hiyo pistoni yenyewe hufungua na kufunga matundu ubavuni mwa silinda, kwa hiyo sehemu ya mafuta mabichi hutoroka pamoja na moshi. Walter Kaaden, mhandisi wa MZ katika Ujerumani ya Mashariki, aliliboresha bomba la moshi, likawa na tumbo pana na mwisho mwembamba. Wimbi la sauti huenda, hugonga, hurudi, na kuyasukuma mafuta yale ndani kabla tundu halijafungwa. Yaani mwangwi wa injini ndio unaoipa nguvu. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaipeleka siri hiyo kwa Suzuki. Mwaka 1962 alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 50.

Kuanzia 1975, Giacomo Agostini alipotwaa ubingwa wa daraja la 500 kwa Yamaha, hadi 2001, Valentino Rossi alipoutwaa kwa Honda, kila bingwa wa daraja hilo alipanda detan. Kork Ballington, mzaliwa wa Salisbury, Harare ya leo, alichukua madaraja ya 250 na 350 katika 1978 na 1979. Mwishoni pikipiki za 500 zilitoa zaidi ya farasi 180 huku zikiwa na uzito wa kilo 130 hivi. Nguvu ilifyatuka ghafla, wimbi lilipolingana na mwendo wa injini. Tairi likiteleza kisha likashika tena, mwendeshaji alirushwa juu.

Baba mdogo alisikiliza bila kusema. Ndipo nikamchezea rekodi mbili kwenye simu, bila maelezo. Aliiweka kwenye sikio la kushoto. La kulia limeanza kufa. Ya kwanza aliijua: "Inalia sawa manyuki." Ya pili aliirudia mara tatu.

"Hii inapiga pamoja, halafu inangoja."

Ilikuwa Honda ya 1992. Mwaka huo wahandisi walipanga silinda nne zipasuke karibu kwa wakati mmoja kisha zinyamaze kidogo, ili tairi lipate nafasi ya kushika. Mimi nililijua hilo kwa kusoma. Nilipomweleza, alisema tu: "Basi waliifundisha kupumuzika."

Usiku ule nilifungua daftari upya. Mafuta yakipungua katika mchanganyiko, kwake injini "inakauka": sauti inakuwa nyembamba, na usipoiwahi, pistoni inakamata. Wile ikizidi, "inakohoa". Ikikaribia nguvu yake, "inaita". Nilikuwa nimeyaweka maneno haya chini ya kichwa "sitiari". Kwake ni vipimo. Anaposema "inakauka", anajua ni skrubu ipi ya kugusa.

Mashindano yenyewe yalianza kuziacha detan mwaka 2002, injini za mipigo minne za 990 zilipoingia. Daraja la 250 lilifuata baada ya msimu wa 2009, la 125 baada ya 2011. Tenke nayo haikubaki nyuma: moto za teksi ni katretan za India na China, na vijana wanaojifunza kwake hawana haja ya kuchanganya wile na esanse. Detan zinazobaki ni jenereta ndogo za mezani. Neno "kukohoa" vijana wanalitumia kwa kila injini mbovu. "Kuita" sijalisikia kwa yeyote kati yao.

Kidahizo changu sasa ni detan. Fasili nimeiandika kwa ngumi na kiganja, kama nilivyoonyeshwa. Rekodi za sauti yake ninazo saa mbili tu, na likizo ijayo ni mbali kuliko ninavyopenda.