Kutoka Kanazi Kutazama Biharamulo

Kanazi ni kata ya wilaya ya Ngara, nchi ya vilima na migomba, na wilaya jirani ni Biharamulo. Huko, Januari 20, 2025, serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg. Wawili walithibitishwa kuwa nao, wanane walidhaniwa. Wote 10 walikufa. Basi watumishi wa afya hawakungoja watu waje hospitali. Waliandika majina ya waliomgusa mgonjwa, wakawaangalia muda wa siku 21. Lakini neno zito lilikuwa maiti. Mwana aliyezoea kumwosha mzazi wake akaambiwa, Usimguse. Neno hilo, nadhani, ni heri liletwe na mtu ajulikanaye kijijini, mwalimu au mwinjilisti, aketi kwanza na wafiwa. Machi 13, baada ya siku 42 pasipo mgonjwa mpya, ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha.