Nilinunua Boksi la Zana la Laki Tatu na Themanini, Jahazi Likajengwa kwa Vitu vya Elfu Arobaini na Mbili

Wadau, hii stori nimeikalia muda mrefu kwa sababu inanidhalilisha. Ila juzi mshikaji mmoja kaniuliza anunue vifaa gani ili naye aanze kutengeneza maboti ya mfano, nikaona kabla hajaenda kuteketeza hela yake dukani, bora niseme yote na aibu zake.

Basi bwana. Mwaka juzi nilikuwa natengeneza vingalawa vidogo vya maboksi na vijiti, napiga picha, natupia Instagram. Burudani ya mtu asiye na hela, hakuna zaidi. Siku moja ikaingia DM kutoka kwa meneja wa staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, ila mnamjua, na ngoma zake mmezicheza). Wanataka jahazi la mbao lenye tanga, urefu sentimita 60, la kuweka mezani kwenye video mpya. Muda wiki tatu. Bei laki tisa, kianzio laki nne. Nilijibu "hakuna shida bosi" kabla sijamaliza kusoma meseji.

Ukweli? Mbao nilikuwa sijawahi kuikata hata siku moja. Boksi la viatu na mbao ni vitu viwili tofauti, jamani.

Kianzio kilipoingia kwenye simu nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Kichwani nilikuwa na picha ya zile meza za mafundi wa Ulaya kwenye YouTube, zana zimepangwa ukutani kama sare za jeshi. Nikaingia duka moja, nikaonyeshwa boksi la vipande zaidi ya mia, pamoja na drili ndogo ya umeme yenye vichwa vya kila aina. Muuzaji akasema hicho ndicho wanachotumia maprofesheno. 380,000. Nikalipa. Usiku nikalipiga picha boksi limefunguliwa, nikaandika "kazi imeanza". Laiki zikamiminika. Staa mwenyewe akatupia moto tatu kwenye komenti. Nikalala nimejiona nimetoboa.

Kazi ilikuwa haijaanza. Kilichoanza ni matatizo.

Siku ya pili drili ya umeme ilipasua ubao wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Mbao nilizokuwa nazo zilikuwa vipande vya unene wa milimita 2, nilivyochanwa kwa mashine na mafundi wa fanicha Keko kutoka kwenye mabaki yao. Drili inazunguka kwa kasi, kichwa kinatikisika, mbao nyembamba haivumilii. Siku ya tano kisu kilichokuwa ndani ya boksi, butu kama kijiko, kiliteleza kikanifungua kidole gumba. Siku ya nane mbavu za boti zilikuwa zimekaa kama meno ya mtu aliyepigwa ngumi. Meneja anauliza "vipi, inaendaje?", mimi namtumia picha za boksi la zana kutoka pembe nyingine. Kodi ya chumba nayo ilikuwa inanukia.

Siku ya tisa nikamkumbuka mzee mmoja wa Kunduchi, jirani wa mjomba wangu, fundi wa mashua za wavuvi. Nikabeba boksi langu lote, na lile jahazi lililovunjika nikalitia kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniuzia?"

Aliona boksi akadhani mimi ni machinga.

Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Alinionyesha zana alizokuwa anafanyia kazi siku ile: tezo, msumeno, randa, patasi, nyundo, na keekee, ile ya kutobolea inayozungushwa kwa kuvuta uta. Sita. Nyuma yake kulikuwa na mashua ya kubeba watu kumi, nusu imekamilika. Kisha akafungua boksi langu, akatoa koleo ndogo na tupa moja, akalifunga.

"Hivi vingine ulinunua vya kazi gani?"

Nikakaa kimya, maana jibu la kweli lilikuwa "vya picha".

Akasema, "Kwenye mbao ndogo kuna kazi tano. Unapima, unakata, unatoboa, unabana, unalainisha. Nunua kimoja cha kila kazi. Kazi ikikugomea ndiyo ujue unahitaji kingine, na hapo itakuambia yenyewe ni kipi."

Mfukoni nilikuwa na elfu ishirini iliyobaki kwenye kianzio. Dada yangu akanikopesha elfu ishirini na tano na matusi juu. Hivi ndivyo nilivyonunua, na hii ndiyo orodha ninayompa yeyote anayeanza:

Kupima: rula ya chuma ya sentimita 30 na penseli ngumu. Rula ya plastiki achana nayo, kisu kitaila, na mstari wako hautanyooka tena.

Kukata: kisu cha upasuaji. Ndiyo, kile cha madaktari, maduka ya vifaa vya hospitali wanauza. Mpini namba 3 na nyembe namba 11, zile zenye ncha kali. Wembe ukianza kugoma unabadilisha. Kidole changu ni shahidi: kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu halafu hujui kitaishia wapi. Pitisha mara tano kwa upole, usilazimishe mara moja. Na mkono mwingine usiwe mbele ya wembe. Kwa mbao nene kidogo, ongeza msumeno mdogo wa meno madogo.

Kutoboa: kishikio kidogo cha mkono kinachobana biti nyembamba, za milimita 1 mpaka 2, unazungusha kwa vidole. Ni keekee ya mzee iliyopunguzwa. Inaenda polepole, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, maana unasikia mbao inavyokubali kabla haijapasuka. Misumari sikununua. Vijiti vya meno ndiyo vikawa misumari yangu: toboa, paka gundi, chomeka, kata.

Kubana: vibanio vya nguo vya mbao, dazeni mbili. Gundi nyeupe ya mbao inataka kushikiliwa mpaka ikamate, na wewe una mikono miwili tu. Koleo ya kwenye boksi ilinisaidia kushika vitu vidogo.

Kulainisha: ile tupa, na msasa namba 120, 240 na 400. Unaanza na mkwaruzo mkubwa unashuka kwenye mdogo. Gundisha msasa kwenye kipande cha ubao bapa, la sivyo vidole vyako vitachimba mabonde kwenye mbao. Na vaa barakoa, lile vumbi si la kulicheza.

Jumla 42,000. Ya kukunjia mbao hata sikununua kitu. Mzee alinielekeza niloweke vile vipande kwenye maji ya moto, nivipinde taratibu kufuata umbo la boti, nivibane, niviache vikauke vikiwa vimebanwa. Birika la mama likageuka karakana.

Kingine alichonifundisha: nilikuwa najenga kwa kufuata video za Ulaya, unasimamisha viunzi kwanza ndipo unavivika mbao. Mafundi wengi wa pwani wa zamani walianza na mkuku, wakapandisha mbao za ubavuni, halafu wakaingiza mataruma ndani. Jicho ndilo ramani. Mimi jicho hilo sina, kwa hiyo nilikata vipande vya boksi la viatu, nikaviweka ndani kama kalibu ya kushikilia umbo, nikapandisha mbao, mwisho nikavitoa nikaweka mataruma. Yaani ule ujuzi wangu wa maboksi niliokuwa nauonea aibu ndio ulioniokoa.

Nilimaliza siku ya ishirini na tano. Hesabuni wenyewe, nilichelewa siku nne.

Video ilikuwa imeshapigwa. Mezani waliweka chupa ya maua. Meneja hakunitukana, aliandika tu: "Naomba urudishe kianzio." Wala simlaumu. Siku nane nzima nilimtumia picha za zana wakati yeye anasubiri boti. Nilirudisha koleo na tupa kwenye nafasi zake, nikaliuza lile boksi 210,000. Hiyo 190,000 iliyobaki niliilipa kwa miezi miwili, na ngoma yenyewe nikawa naisikia kila baa ninayopita. Kila ikipigwa nahisi inanidai.

Jahazi nikalipeleka Kunduchi. Mzee aliligeuza, akapitisha kidole kwenye ubavu, akachungulia mlingoti kwa jicho moja. Halafu akaniambia nilete beseni la maji. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko siku ya DM, walahi. Likaelea. Ila lililala kidogo upande wa kushoto.

"Ubavu huu mbao zako ni nzito," akasema. "La pili halitalala."

La pili lililala. La tatu ndiyo likasimama, nikamuuzia mama mmoja mwenye mgahawa, na siku hizi napata oda mojamoja. Zana zangu zimeongezeka mbili tu: randa ndogo, baada ya kuchoka kusugua msasa mpaka usiku, na jiriwa ndogo ya kufunga mezani. Kila moja niliinunua baada ya kazi kunigomea. Zote zinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Lile jahazi la kwanza lipo juu ya kabati la mama, bado limelala kushoto. Wageni wakija anawaambia lile lilikuwa la video ya staa, na mimi huwa simkatizi.

Kwa hiyo mshikaji wangu uliyeuliza, na nyinyi mlionunua kamera kabla ya kuwa na cha kupiga, sikucheki. Ila niambieni ukweli: chini ya kitanda chako kuna boksi gani?