Milango Miwili

Mlangoni mwa Makumbusho ya Apartheid, Johannesburg, yaliyofunguliwa mwaka 2001, tulipewa tiketi bila kutazamwa nyuso: nyingine za "weupe", nyingine za "wasio weupe". Tukaingia kwa milango miwili, kila mtu mbali na mwenzake. Ndivyo sheria ya mwaka 1950 ilivyowaandikisha watu wa Afrika Kusini kwa rangi, hadi ilipofutwa mwaka 1991.

Tulitoka kimya, tukiikumbuka wodi yetu ya wazazi. Ni mara ngapi sisi wauguzi tumempokea mtoto tukashangilia, "Mzuri, mweupe!", na aliyefuata, mweusi, tukamfunika tu, mama yake akisikia? Milango ile tunayo nyumbani. Tuifunge, kabla binti zetu hawajaanza kununua mkorogo.