Saa Chachu

Mkate wa kwanza niliopika kwa mikono yangu ulifurika sufuria, ukamwagikia makaa, na harufu yake ilikuwa ya tembo lililochacha. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Mombasa. Bibi yangu alikuwa njiani kutoka Kizingitini kuja kututazama, nami nilitaka akute mkate wa kumimina mezani, kama ule aliokuwa akitupikia Idi.

Kwa asiyeujua, huu ni mkate wa mchele, hauhitaji unga wa ngano wala tanuri. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa laini kwa tui zito la nazi, ukatiwa sukari, hiliki na hamira kidogo, kisha ukaachwa uumuke. Ukishaumuka humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, ikafunikwa na kupaliwa: moto mdogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko.

Nilimpigia bibi simu kumuuliza vipimo. Mtandao ulikuwa ukikatika. Alinitajia mchele vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, hamira nusu kijiko cha chai. Halafu akasema, "Ukisa kutia hamira, saa chachu." Mimi nikasikia "sasa chachu." Katika Kiswahili nilichofunzwa darasani, chachu ndiyo hiyo hamira. Nikadhani anataka niongeze. Nikaongeza vijiko viwili vizima.

Bibi alipofika na kusikia kisa chenyewe, alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Saa chachu, mwanangu," akasema. "Moja, mbili, chachu!" Katika Kibajuni, mara nyingi *t* ya Kiswahili sanifu huwa *ch*: mtu ni mchu, na tatu ni chachu. Alikuwa akiniambia niuache mkate saa tatu.

Nilicheka naye, lakini moyoni niliona haya. Mimi ni Mbajuni, tena mwanafunzi wa Kiswahili, na nilishindwa kulitambua neno la nyumbani kwetu. Sababu yake naijua. Nilipokuwa darasa la nne, wakati bibi bado anaishi nasi, wenzangu walinicheka kwa neno moja la Kibajuni lililonitoka. Nilirudi nyumbani nikamwomba bibi asiseme nami hivyo tena mbele za watu. Hakunigombeza. Tangu siku ile akawa anasema nami Kiswahili cha Mombasa, mbele za watu na hata tukiwa peke yetu. Siku ya simu alijisahau tu.

Kesho yake tulipika pamoja. Tulipotia hamira na kufunika bakuli, nilimwomba aseme nami Kibajuni mpaka mkate uumuke. Kwanza alisita, akaniuliza kama nina hakika. Kisha akaanza na Birikau, mahali alipozaliwa, ambapo baadhi ya ramani huandika Burgao, na zile za Waingereza wakati wa ukoloni ziliandika Port Durnford. Alinieleza walivyopalia mikate kwa makaa ya vifuu vya nazi. Alinieleza pia jinsi serikali ya Siad Barre ilivyoanguka Januari 1991, vita vikafika pwani, nao wakapanda mashua kwenda kusini, hadi Lamu, kisha Mombasa, kambi ya Jomvu. Idi ya kwanza kambini, akasema, wanawake walichangishana nazi na hiliki wakapika mkate mmoja mkubwa, kila mtoto akapata kipande.

Kisa hiki sikuwahi kukisikia. Maneno mengine yalinipita, nikawa namkatiza kumuuliza, naye akawa anarudia polepole.

Baada ya saa tatu mchanganyiko ulikuwa umejaa mapovu madogo. Bibi alipiga ute wa yai moja, akauchanganya taratibu, akaniachia mimi nimimine. Tulisubiri vitobo vitokeze juu, ndipo tukapalia makaa. Nilichoma kijiti katikati, kikatoka kikavu. Juu ulikuwa wa rangi ya kahawia, na ndani mweupe kama pamba. Bibi alikula vipande viwili na chai ya rangi, akasema sukari ilipungua kidogo.

Tangu hapo napika mkate huu karibu kila mwezi. Keki za dukani ni tamu, tena zina mapambo, wala sizikatai nikipewa. Lakini keki ya dukani huniletea utamu peke yake. Huu wa kumimina hunipa saa tatu ambazo siwezi kuzifupisha, na katika saa hizo nampigia bibi simu tukazungumza Kibajuni. Nina daftari la maneno yake, na neno la kwanza ndani yake ni chachu.

Jumapili iliyopita aliniuliza kama niliungoja mkate vizuri.

"Saa chachu, bibi," nikamjibu, na wenzangu wa chumbani walikuwa wakisikia.