Si Nuksi, ni Petroli



Mabinti wa Unguja na Pemba siku hizi wanaolewa hadi bara, na wengi mnatuuliza bi harusi anayekwenda Moshi afungashe nini. Udi, kanga, sweta la baridi ya mlimani, hayo mnayajua. Leo tuzungumze juu ya gari, kwani huko miteremko ya Kilimanjaro njia ni kupanda na kushuka tu, na gari ikigoma si kila mara kuna mwanamme karibu wa kuitengeneza.

Tulimpeleka binti yetu kwa wakweze Marangu, kama kilomita 40 kutoka Moshi mjini. Tulikuwa wanawake sita ndani ya Noah ya kukodi, na dereva kijana. Tukapita Himo, tukakunja kushoto, tukaipita Marangu Mtoni, kisha tukaingia njia ya vumbi katikati ya migomba na mibuni. Kwenye kilima kikali, gari ikakohoa mara mbili na kuzima. Dereva akapiga stata. Injini inazunguka, haiwaki. Akapiga tena na tena.

Ndipo maneno yakaanza. Mmoja akasema ni nuksi. Mwengine akasema kuna jicho, alijua tangu hina ilipochelewa kushika. Bi harusi akasikia, akaanza kulia chini ya buibui lake, anauliza kama arudishwe nyumbani.

Shangazi yetu mmoja, aliyeendesha gari ya shamba miaka mingi, akatunyamazisha. Kwanza akataka mawe yawekwe nyuma ya magurudumu na breki ya mkono ivutwe. Kisha akaeleza. Stata ikizungusha injini kwa nguvu, betri ina uhai. Kinachokosekana ni kimoja kati ya viwili: moto wa plagi au mafuta. Akamwambia dereva azime redio na apige stata, yeye akainama karibu na tangi. Akasikia mlio mwembamba wa pampu, lakini wa kukwaruza, kama wa kitu kinachovuta kisichokuwepo.

"Pampu nzima," akasema, "haina cha kunywa."

Mshale wa mafuta ulikuwa karibu na mwisho. Kwenye tambarare petroli ile ingetosha kufika. Gari ikielekeza pua juu, mafuta machache hukimbilia upande mmoja wa tangi, na mdomo wa pampu ukabaki unavuta hewa. Akapita kijana wa bodaboda, tukampa pesa, akatuletea lita tano. Zikamiminwa, swichi ikafunguliwa na kufungwa mara kadhaa, stata ikapigwa, gari ikawaka. Tulifika machalari bado ya moto.

Njiani shangazi akamshika mkono bi harusi. "Mwanangu, Mtume (s.a.w.) ametukataza kuamini mikosi. Likikufika jambo, tafuta sababu yake kwanza."

Tumeyaandika aliyotufundisha, nawe yahifadhi:

Usiache tangi lishuke chini ya nusu ukiishi mlimani. Pampu ya gari nyingi za petroli imo ndani ya tangi, na petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza. Anayezoea kuendesha na tangi kavu huiua pampu kabla ya wakati.

Gari isipowaka, sikiliza pampu. Gari nyingi hutoa mlio wa sekunde mbili hivi swichi ikifunguliwa tu. Toyota nyingi za zamani pampu hufanya kazi stata inapopigwa, kwa hiyo mmoja apige, mwengine asikilize.

Kukiwa kimya kabisa, fungua kisanduku cha fyuzi. Mara nyingi kifuniko kina mchoro wa kila kimoja. Fyuzi iliyoungua waya wake umekatika. Rilei ya pampu unaweza kuijaribu kwa kuibadilisha na ya honi, kama namba zao ni sawa.

Mlio upo, mafuta yapo, na bado haiwaki? Huenda chujio limeziba, au pampu imechoka haisukumi vya kutosha. Hapo mwite fundi. Mipira ya mafuta usiifungue mwenyewe, kwani petroli inaweza kuruka kwa nguvu.

Usishikilie stata zaidi ya sekunde kumi, ipumzishe. Na usiiachie gari iliyozima ishuke mlima: breki na usukani huwa vizito mno.

Dua ya safari tunaisoma kabla ya kuondoka, na bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Basi mama wa bi harusi, na wewe somo, mkimaliza kumfundisha binti mambo ya ndani, mtoeni uani mkamwonyeshe kisanduku cha fyuzi kilipo.